Meza Iliyopimwa kwa Bega

Pwani yetu ililisha wageni karne nyingi bila meza. Mkeka ulitandikwa, sinia likatua katikati, watu wakalizunguka, na baada ya kunawa mikono chumba kikarudi kuwa chumba. Neno lenyewe meza tumelipata kwa Wareno, ambao pia walituachia kasha, bweta na parafujo. Nitayahitaji maneno hayo, maana meza ninayotaka kuisimulia ilikuwa meza na kasha kwa wakati mmoja, na kilichoziunganisha hali hizo mbili ni parafujo.

Ni meza ya kulia chakula iliyotengenezwa ili isafiri. Waingereza walizitengeneza kwa wingi tangu miaka ya 1700 hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakazipakia melini, juu ya ngamia, migongoni mwa nyumbu, na hatimaye juu ya mabega ya watu wa huku kwetu. Anayeiona leo dukani kwa wauza vitu vya kale husifia uzuri wa mbao. Mimi huwa najiuliza kwanza ilikuwa na uzito gani.

Mwingereza wa zama za kati naye hakuwa na meza tunayoijua sasa. Katika ukumbi wa bwana mkubwa, wakati wa kula ulipokaribia, watumishi walileta mbao ndefu wakazilaza juu ya farasi wa mbao, wakatandika kitambaa. Watu waliposhiba, kitambaa kiliondolewa, mbao zikaegemezwa ukutani, na palepale pakachezwa ngoma au pakalaliwa. Neno lao la ubao likaja kushika maana ya chakula, kisha maana ya watu wanaokaa kuuzunguka ubao huo, na ndilo hilo tunalolitamka tukisema bodi ya wakurugenzi. Hata kabati lilianza kama ubao wa kuwekea vikombe, kabla halijaota milango.

Meza isiyoondoka mahali pake ilikuwa jambo la kutajwa. Geoffrey Chaucer, mshairi wa mwishoni mwa karne ya kumi na nne, alipotaka kuonyesha ukarimu wa kabaila mmoja tajiri, alisema kwamba meza yake ilisimama ukumbini kutwa nzima. Wengine walikunja. Na waliokuwa vitani walikula juu ya chochote kilichokuwepo: kile kitambaa maarufu cha Bayeux, kilichotariziwa kusimulia vita vya mwaka 1066, kinawaonyesha Wanormandi wakiwa wameshatua ufukweni Uingereza, ngao zao zimelazwa kama ubao na vyakula vimepangwa juu yake. Sijui meza ya safari iliyo nyepesi kuliko ile ambayo mwenye kula angeibeba hata kama hana mpango wa kula.

Kwa hiyo meza nzito ya kudumu ndiyo iliyokuwa mgeni. Ilipata nguvu kadiri matajiri wa Ulaya walivyotenga chumba maalumu cha kulia, na ilipata mwili wake hasa pale mahogani ilipofika. Mwaka 1721 serikali ya Uingereza iliondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika, na baada ya hapo magogo yakamiminika kutoka Jamaika, kisha kutoka ghuba ya Honduras, nchi ambayo leo ni Belize. Kule Honduras kazi ya kukata ilikuwa ya watumwa. Mtafutaji mmoja alitangulia msituni mwezi wa Agosti, akapanda mti mrefu kuliko yote na kutazama juu ya bahari ya majani, kwani msimu huo majani ya mahogani hugeuka rangi na mti hujulikana kwa mbali. Kisha kikosi kilifuata na mashoka. Magogo yalikokotwa usiku kwa mwanga wa mienge, ng'ombe wasife kwa joto la mchana, hadi mtoni. Utumwa katika himaya ya Uingereza ulifutwa kisheria mwaka 1834; meza nyingi nzuri kabisa za aina hii zilikuwa zimeshachongwa.

Kwa seremala, mahogani ilikuwa zawadi. Ni pana, kiasi kwamba ubao mmoja ungetosha upana wa meza bila kuungwa. Ikishakauka haipindipindi. Nyuzi zake zimeshikana, hivyo hukubali kuchongwa parafujo bila kumeguka, sifa ambayo msonobari hauna. Kampuni ya Gillow ya mji wa Lancaster, bandari iliyofanya biashara na visiwa vya Karibi, ilijenga jina lake juu ya mti huo, na mwaka 1800 Richard Gillow alipata hataza ya meza inayorefushwa kwa mbao za kuteleza, ili idadi ya miguu ipungue na kazi ya kuikuza na kuipunguza iwe nyepesi. Hiyo ilikuwa meza ya nyumbani. Lakini wazo la meza inayobadilika ukubwa lilikuwa limeshaingia mikononi mwa mafundi, na Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa.

Afisa wa jeshi la Uingereza wa zama hizo alikuwa mtu wa kujigharimia. Cheo chenyewe mara nyingi alikinunua, desturi iliyodumu hadi mwaka 1871, na kitanda chake, kiti chake na meza yake vilikuwa juu yake pia. Alitoka kwenye nyumba ya watu wenye nafasi, naye alitarajiwa kuwakaribisha wenzake kwa chakula, hata kama ni ndani ya hema penye matope. Kufanya hivyo kulikuwa sehemu ya cheo sawasawa na upanga. Mtaa wa Catherine, karibu na Strand jijini London, ukawa mahali pa kwenda: palikuwa na Thomas Butler, na jirani yake Morgan na Sanders, washindani wa wazi, wote wakiuza vitanda, viti na meza za kufungasha. Morgan na Sanders waliliita jengo lao Trafalgar, kwa heshima ya Nelson, kamanda wa majini aliyeshinda vita vya jina hilo na aliyewahi kuwa mteja wao. Thomas Sheraton, mchoraji wa samani aliyesomwa na maseremala wote, aliziwekea samani za kambini nafasi katika kamusi yake ya mwaka 1803, akisisitiza kwamba ziwe rahisi kufungasha kwa sababu mambo ya jeshi hayangoji.

Baharini ilikuwa hivyo hivyo, pengine zaidi. Katika meli ya kivita ya mbao, chumba cha kulia cha kamanda kilikuwa pia chumba cha mizinga. Ukienda Portsmouth leo kuiona Victory, meli ya Nelson, utaikuta mizinga ndani ya sehemu zake za kuishi, karibu na pale alipokuwa akiwakaribisha maofisa wake. Ngoma ya kujiandaa kwa vita ilipolia, kuta za mbao ziliondolewa, meza ikavunjwa vipande, viti vikateremshwa chini, na mahali pa mvinyo pakawa mahali pa baruti. Meza iliyohitaji nusu saa kufunguliwa haikuwa na kazi hapo. Mabaharia wa kawaida wao walikula kwenye mbao zilizoning'inizwa kwa kamba kutoka darini, katikati ya mizinga, na kwa uvunjaji wa haraka nadhani wao ndio waliokuwa na meza bora.

Tuifungue basi moja ya meza hizo za maofisa, polepole, maana utamu wake uko katika kufungua.

Ikiwa imefungwa ni kasha la mahogani la kina kifupi, kiasi cha shubiri moja, ambalo watu wawili wanaweza kulishika kwa ncha zake. Ubao wa juu umekunjwa juu ya mwenzake kwa bawaba. Pitisha kiganja juu ya bawaba hizo na hutahisi chochote: fundi amezizamisha kwenye mbao mpaka zikawa sawa na uso wake. Vishikio navyo vimezamishwa, na pembe zimevikwa shaba nyeupe iliyolazwa vivyo hivyo. Mtu anayeitazama meza sebuleni ataona pambo. Aliyewahi kufunga mzigo ataelewa kwamba chochote kinachochomoza hunasa kamba, hukwaruza mzigo wa jirani, na mwisho hung'oka. Shaba nyeupe ilichaguliwa kwa sababu chuma kingeshika kutu kabla meli haijafika Bombay.

Pindua kasha. Ndani ya fremu ya chini, miguu imelala kama samaki ndani ya pakacha, kila mmoja kwenye kitanda chake, umebanwa kwa kipande cha ubao kinachozunguka. Miguu imekerezwa, myembamba chini na minene juu, na kichwani kila mmoja una parafujo. Kwenye meza nyingine parafujo hiyo imechongwa katika mti wa mguu wenyewe, kwenye nyingine ni ya chuma. Ya mti ni nzuri kuitazama, lakini hunywa unyevu na kuvimba, na wakati wa masika mtu angeweza kushindwa kuifungua mpaka jua litoke. Ningekuwa afisa ningelipia chuma.

Sasa chukua mguu na uutazame kwa karibu. Pembeni mwa parafujo pana mikato ya patasi: mstari mmoja, au miwili, au mitatu. Ni namba za Kirumi, zilizopendwa na maseremala kwa sababu huandikwa kwa mapigo yaliyonyooka na patasi haijui kupinda. Ukichungulia tundu ambamo mguu unatakiwa kuingia, utaikuta namba ileile. Parafujo hizi zilichongwa moja moja kwa mkono na kila mguu ulizaliwa pamoja na tundu lake. Mguu wa pili ukiingizwa tundu la tatu utakwama nusu njia au utachezacheza. Mguu wa nne mara nyingi una mistari minne na si ile alama fupi ya wasomi, kwa kuwa ukiishika miguu kichwa chini gizani, nne na sita za wasomi hugeuka kuwa kitu kimoja. Kazi hii ilikuwa ya mtumishi, tena usiku, kwa mwanga wa kandili.

Ukishaisimamisha miguu, meza ina nusu mbili. Unazitenganisha, katikati unatia mbao za ziada zilizokuwa zimelala ndani ya kasha pamoja na miguu. Kila ubao una ndimi ndogo upande mmoja na vitundu upande wa pili, na chini yake, pale mbao mbili zinapokutana, unasukuma kibano cha shaba chenye meno mawili ili zisiachane. Kasha lililobebwa na watu wawili sasa linakalisha watu kumi au zaidi. Kitambaa kikitandikwa, hakuna mgeni atakayejua. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na fahari ya mafundi wale: waliificha safari chini ya kitambaa.

Mafundi hao waliepuka pia kitu ambacho seremala wa nyumbani alikipenda sana, yaani kubandika ngozi nyembamba ya mti wa thamani juu ya mti wa bei nafuu. Gundi ya wakati huo ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Katika joto la unyevunyevu hulegea na ngozi ya mti huinuka kama ganda la kidonda. Kwa hiyo meza ya safari ilikuwa mti mtupu, nje na ndani. Zilizotengenezwa India zilitumia msaji, na China zikatumia kafuri, ambao wadudu wanauchukia kwa harufu yake.

Ziko pia ndogo zaidi, za mtu mmoja au wawili, zenye miguu ya mkasi inayopishana na kujikunja pamoja na ubao wake. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Mbuzi wa kukunia nazi aliyekuwa nyuma ya mlango wa jiko la bibi yangu alikuwa wa namna hiyohiyo: vibao viwili vinavyopishana, ukivikunja vinalala bapa, ukivifungua unapata kigoda chenye ulimi wa chuma. Marfaa ya kuwekea msahafu ni ustadi mkubwa zaidi, kwani huchongwa kutoka ubao mmoja tu, ukapasuliwa kwa namna ambayo bawaba zake ni mti uleule, hakuna msumari wala gundi. Fundi wa London aliyeona marfaa angevua kofia.

Tatizo la meza inayokunjwa vizuri ni kwamba mwenyewe hujisahau na kuchukua na vingine. Jeshi la Waingereza lililotoka Ferozepore mwezi Desemba 1838 kwenda kumkalisha mtawala wao Kabul lilikuwa na wapiganaji 9,500 hivi, wakifuatwa na watumishi na wafuasi wapatao 38,000 na ngamia 30,000. Brigedia mmoja peke yake alikuwa na ngamia 60 kwa vitu vyake. Kikosi kimoja kilitenga ngamia wawili kwa ajili ya sigara, kingine kilichukua mbwa wa kuwinda mbweha. Kila kitu kilikuwa cha kukunjwa, na hapo ndipo hesabu ilipopotea, kwa sababu kilichokunjwa kinachukua nafasi ndogo lakini uzito wake ni uleule. Ngamia walikufa njiani kwa maelfu. Januari 1842, walipolazimika kuondoka Kabul katika theluji, askari 4,500 na wafuasi 12,000 walianza safari ya Jalalabad. Wiki moja baadaye daktari William Brydon aliingia Jalalabad juu ya farasi aliyechoka kufa, akiwa Mzungu pekee aliyefika siku ile. Wengine karibu wote walikuwa wameuawa, wameganda kwa baridi au wametekwa. Samani zao zilibaki nyuma.

Huku kwetu hapakuwa na ngamia wala nyumbu wa kutegemewa, maana ndorobo aliwaua wanyama njiani. Njia ya Bagamoyo kwenda Tabora ilikuwa ya miguu ya watu, na mizani yake ilikuwa imeshawekwa muda mrefu kabla Mzungu wa kwanza hajafika: frasila mbili kwa mpagazi, yaani ratili 70 hivi, zaidi kidogo ya kilo 30, pamoja na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Wanyamwezi, waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo, walibeba hasa begani. Mzigo mpana uligonga miti kwenye vichaka, mzigo mrefu ulimvuta mtu kwenye kona, na mzigo ulioshindikana kubebwa na mmoja ulifungwa kwenye mti ukabebwa na wawili, jambo ambalo kila mpagazi alilichukia kwa sababu hatua za watu wawili hazilingani. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wenye misafara walikuwa na tabia hiyo ya kuona usufi. Wapagazi waliwarekebisha. Asubuhi ya kwanza mizigo ilipotupwa uwanjani kila mtu alikimbilia mwepesi, na kasha lenye umbo baya likabaki peke yake mpaka mwenyewe apunguze au aongeze malipo.

Hapo meza ya mahogani ya watu kumi ilifika mwisho wa safari yake. Iliyoweza kuingia bara ilikuwa nyingine: ubao mdogo unaokunjika mara mbili, au vipande vyembamba vya mti vilivyobandikwa juu ya turubai ili vizungushwe kama mkeka, juu ya miguu ya mkasi. Yaani baada ya safari yote hiyo fundi wa Ulaya alifika kwenye kitu kinachokunjwa kama mkeka wetu.

Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909. Kampuni ya Newland na Tarlton ya Nairobi ilimpangia msafara wa wapagazi zaidi ya 200, na mwenyewe aliandika kwamba starehe ya kambi ilikuwa karibu kupita kiasi kwa mtu aliyezoea kambi za nyika na milima ya kwao. Alikuja na vitabu vyake avipendavyo, vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe visichakae. Sanduku lake la vitabu, la alumini na kitambaa kilichotiwa mafuta, lilipimwa kwa makusudi: likiwa limejaa lilikuwa chini kidogo ya ratili 60, mzigo wa mpagazi mmoja.

Miaka michache baadaye, katika vita vya 1914 hadi 1918, mabega yaleyale yalikusanywa kwa mamia ya maelfu kubeba risasi na unga wa majeshi, na makumi ya maelfu ya watu hawakurudi. Jina la Kiingereza la kikosi chao, likitamkwa Kiswahili, ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Zilipofuata zama za malori, hakuna aliyehitaji tena kupima meza kwa bega, na meza za safari zikaanza kunenepa.

Wanunuzi wanaoitafuta meza ya Mtaa wa Catherine siku hizi hawaanzi na uso wake, ambao unaweza kung'arishwa na yeyote mwenye nta na subira. Huipindua kwanza. Wanafungua miguu mmoja baada ya mwingine, wanatafuta mikato ya patasi na kuilinganisha na matundu: moja, mbili, tatu. Mara nyingine wa nne hauna mistari minne. Una miwili, kama mwenzake, na parafujo yake haishiki sawasawa, na mtu amesokotea kitambaa kukaza.